Mia Mia ya Bosi na Mia Mia Yangu

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya Jeddah ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata nikiwa kwenye foleni ya hospitali, watu wakadhani mzee ameanza kupotea. Sijapotea. Nakumbuka tu jinsi nilivyokuwa mjinga, tena mjinga mwenye bidii, na huyo ndiye mbaya zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka Tanga, nafanya kazi katika klabu moja ya kulenga shabaha mjini Riyadh. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi kule, iliandikwa msafishaji, ingawa nilikuwa nimeshahamishiwa karakana, chini ya Mzee Faki, Mpemba mwembamba aliyekuwa fundi mkuu pale. Bosi wetu tulimwita Abu Turki. Aliniahidi kwamba mashindano ya Jeddah yakienda vizuri, ataibadilisha ikama yangu niandikwe fundi. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mshahara, kwa sababu msafishaji hakuruhusiwa kuleta mke, fundi aliruhusiwa. Nami nilimwacha Zuhura wangu Tanga mwezi mmoja tu baada ya harusi, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika nikimwona kwenye simu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maganda ya risasi za bastola, yale ya shaba yanayobaki sakafuni watu wakishapiga. Ganda likipigwa huvimba. Ukitaka litumike tena, sharti kwanza ulirudishe unene wake. Unaliweka kwenye mashine ya mkono, unavuta mpini, linaingia ndani ya kalibu ya chuma na kubanwa. Kisha unalidondosha kwenye kipimo, ambacho ni kipande cha chuma chenye tundu. Likizama lote ni zima. Likibaki limechungulia ni bovu, na likijazwa baruti hivyo hivyo, bastola itamkwamia mtu mkononi katikati ya mashindano. Kujaza hakukuwa kazi yangu, kulifanywa na wenye kazi hiyo kule Jeddah. Mimi nilikuwa wa kubana na kupima.

Wiki ile ya safari Abu Turki alipita karakana, akanionyesha ndoo za maganda, maganda elfu tatu, akasema, "Salehe, abgha kullu mia mia. Yalla!"

Abgha kullu nilikuwa nalijua: nataka yote. Na mia mia, nani asiyeijua mia mia? Kwetu ukiambiwa panga mia mia, unapanga mafungu ya mia. Nikasema, "Hadhir, baba," yaani nimesikia, nikakunja mikono ya shati.

Basi nikabana na kuhesabu, nikabana na kuhesabu. Kila mia nikaitia kwenye boksi lake, nikalifunga kwa utepe na kuandika namba kwa kalamu nyekundu. Maboksi thelathini, yamepangwa yakapangika. Kupima? Nilipima ganda moja katika kila mia, lile la kwanza kabisa, nikaona yanatosha. Nilijipenda siku ile, mwanangu. Nilipiga picha maboksi yangu nikamtumia Zuhura, naye akajibu kwa mioyo mitatu.

Alhamisi tukaondoka na gari la klabu, Mzee Faki akiendesha, mimi nikilala. Jeddah tulifikia mtaa wa Bani Malik, kwenye fleti ya rafiki yangu Odhiambo, Mkenya, fundi wa lifti. Karakana ya kule hufungwa Ijumaa, kwa hiyo Mzee Faki alimpigia bosi simu, akaruhusiwa kuyapandisha maboksi juu, kwenye fleti. Yalikuwa maganda matupu, hayana hata chembe ya baruti.

Ijumaa tukaswali, tukarudi, Odhiambo ametupikia wali na kuku. Tulipokwisha kula, Mzee Faki akanawa, akafungua boksi la kumi na nane kwa kuburudika tu, kama wengine wanavyochezea tasbihi. Akadondosha ganda kwenye kipimo. Likachungulia. Akatia jingine. Likachungulia.

"Salehe, njoo hapa," akasema. "Hichi nini?"

"Labda hilo moja, mzee."

"Moja? Haya, chagua weye."

Nikachagua. Likachungulia. Nikachagua jingine, nikalisukuma kwa kidole gumba, likakataa. Baadaye tuligundua kwamba nati ya kalibu ilikuwa ikilegea polepole nilipokuwa nikibana, nami niliikaza kwa mazoea kila nilipoanza boksi jipya, kwa hiyo la kwanza la kila boksi lilikuwa zima na mengi ya mwisho yakawa yamebanwa nusu nusu.

"Uliyapima yote?" akauliza Mzee Faki.

"Nilipima moja katika kila mia, mzee. Bosi mwenyewe alisema anataka mia mia."

Odhiambo akaachia sahani na kushika mbavu. "Wee! Mia mia ni perfect, buda! Hundred percent! Madam wa kazini kwetu hapa husema hivyo kila nikimaliza lifti. Kwani ulidhani ni bei ya sukuma wiki?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwona Zuhura na mioyo yake mitatu, nikaona ikama yangu imebaki msafishaji milele, nikataka kulia kweli. Mzee Faki akanitazama, na ile sura yake kavu ikaanza kutetemeka pembeni, naye akaangua kicheko. Sijawahi kumwona akicheka vile, machozi mpaka kwenye ndevu.

Alipojifuta, akanikemea. Hakupaza sauti. "Nisikilize. Lugha hii ya Kiarabu imetukopesha maneno mengi, ndiyo maana inatuhadaa. Neno usilolijua utaliuliza. Hili ulilodhani unalijua ndilo lililokuponza. Ungeniuliza mie, ingekuchukua dakika ngapi?"

"Dakika moja, mzee."

"Haya. Sasa utayapima yote. Na kesho utamwambia bosi weye mwenyewe, kwa mdomo wako. Mie simwambii."

Mwanangu, alasiri ile! Tulitandika shuka sakafuni, tukamwaga maganda yote. Vipimo tulivyokuja navyo vilikuwa vitatu, kila mtu chake. Odhiambo, ambaye hakuwahi kugusa ganda la risasi maishani, aligeuka hakimu: likizama anapiga kigelegele, likigoma anasema, "Deport!" na kulitupa ndooni. Mzee Faki alitusimulia utoto wake Wete. Tulikunywa chai birika mbili. Hofu ilikuwa imenikaa kifuani, lakini sijui nikueleze vipi, nilikuwa na furaha pia. Mabovu yalifika mia nne na kumi na mawili.

Jumamosi asubuhi bosi alitukuta karakana ya Jeddah. Nikamsogezea ndoo, nikamweleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza: nati imelegea, mimi sikupima, mia mia nilidhani ni mia, mia, mia. Nikamwonyesha kwa mikono, boksi, boksi, boksi.

Akanikazia macho. Akaitazama ndoo. "Mia... mia?" akauliza, akigawa hewa mafungu mawili kama nilivyofanya mimi. Kisha akacheka mpaka agali, ile pete nyeusi ya kubania kilemba, ikamteremka kichwani, akawaita wenzake waje kusikia, nami nikalazimika kurudia kisa chote mara tatu.

Alipotulia akaweka mkono begani kwangu. Mzee Faki akanifasiria: "Asema anao mafundi wengi wanaomficha mabovu. Hajapata mmoja wa kumletea mabovu yote kwenye ndoo, yamehesabiwa. Asema ukirudi Riyadh, umpe picha za pasipoti."

Sikuelewa mara moja. Picha za nini? Mzee Faki akanifinya. "Za ikama, mjinga weye."

Tuliyabana upya mpaka adhuhuri, na kila ganda likapita kipimoni. Kwenye mashindano haikukwama bastola hata moja. Timu yetu ilikuwa ya tatu, nasi tukashangilia kama ya kwanza. Miezi mitano baadaye nilimpokea Zuhura uwanja wa ndege wa Riyadh, amevaa baibui jipya na anakasirika kwa kuwa begi lake limechelewa. Aliponiuliza niliupata vipi ufundi, nikamwambia, kwa kukosea. Akadhani namtania.

Basi mwanangu, unaondoka kwenda kazi ya ugenini, nami nakuusia haya. Uliza, hasa pale unapoona aibu kuuliza. Usipime kimoja ukajidanganya umepima vyote. Ukikosea, na utakosea, peleka kosa lako mwenyewe kabla halijafika kwa miguu yake, na ulipeleke zima, usilipunguze. Na tafuta mzee wa kukukemea, umpende.

Nenda salama. Mungu akupe kazi itakayoipa mikono yako fahari, akupe na watu watakaokucheka bila kukuvunja, kisha wakae chini wakusaidie.