Jibu la Mama: Kesho

Pale Kenyatta Market Milcah alijulikana kwa vitu viwili: mkono mwepesi, na mdomo uliokuwa mwepesi zaidi. Alikuwa anaweza kusuka kichwa kizima huku akimsema mtu wa kibanda cha tatu, na mistari isipinde hata mmoja. Mwezi ule aliyemwagiwa maneno sana ni Debra, msusi mwenzake wa kiti cha pili, kwa sababu kila kazi ya shule ya mwanawe aliipeleka kwa Lenox, mzee mwenye saiba, kibanda cha kompyuta nyuma ya mabanda ya nyama choma, amfanyie na kuichapisha.

"Huyo mtoto ni wako ama ni wa Lenox?" Milcah alimuuliza mbele ya wateja. "Si ungempelekea tangu akiwa mchanga, amnyonyeshe pia!"

Wateja wakacheka. Debra naye akacheka. Debra si mtu wa kuumia haraka.

Sasa Jumatatu moja Veronicah, binti ya Milcah aliyekuwa darasa moja na huyo mtoto wa Debra, akaja na karatasi kutoka kwa mwalimu Waringa. Mzazi na mtoto wakae pamoja saa moja, waulizane maswali matatu. Nyumbani kwetu tunajivunia nini? Nyumbani kwetu ni jambo gani hatufanyi? Ni nini tungependa kibadilike? Mtoto ajibu, mzazi ajibu, yaandikwe. Jumamosi kila familia ije darasani isome ya kwake.

"Hiyo ni kitu kidogo," Milcah akasema. "Kesho tutakaa."

Jumanne mtoto akatoka shule akaja sokoni moja kwa moja, akakalia kreti ya soda, daftari magotini. "Mama, tunajivunia nini?"

"Vero, huoni niko na mteja?"

Jumatano ikawa, "Muulize baba yako." Baba yake, Were, alikuwa bawabu huko Loresho na nyumbani alionekana Jumapili tu. Alhamisi ikawa kesho tena. Na si kwamba Milcah hakutaka. Kila siku alijiambia ni leo, halafu mtu mmoja anatokea anataka nywele za harusi, na kiti cha msusi kikikaa wazi mwenzake anakijaza.

Ijumaa saa kumi, Debra alipoingia msalani, Milcah alijifunga leso akapita nyuma ya mabanda ya nyama choma kama mtu anayeenda kuiba kuku.

"Lenox, ile kitu ya shule. Ya maadili ya familia."

"Darasa la tano? Iko tayari, mama," Lenox akasema bila kuinua macho. "Nikuwekee maua pembeni?"

"Weka. Na usiniongeleshe kwa nguvu."

Aliikunja ndani ya mfuko wa braids, nywele zake za kusukia, bila hata kuisoma.

Jumamosi darasani walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Njuguna, muuza viatu, alisoma wa kwanza na mwanawe: "Familia yetu inajivunia umoja. Kila jioni tunakula mezani bila simu. Kila likizo tunaenda Nyeri kwa shosho kumsaidia kuchuma chai." Njuguna kwao kweli ni Nyeri, na huyo shosho, nyanya wa mtoto, yuko. Watu wakapiga makofi.

Akaitwa Debra. "Familia yetu inajivunia umoja. Kila jioni tunakula mezani bila simu. Kila likizo tunaenda Nyeri..."

Darasa zima likaangua kicheko. Debra akaishusha karatasi, akayaangalia yale maua, naye akacheka mpaka akashika ubavu. "Haki Lenox ametuweza! Shosho wa Nyeri ametuzaa sisi wote!"

Milcah hakucheka. Aliifungua yake chini ya dawati. Maua. Umoja. Shosho. Yeye ambaye kwao ni Busia, na chai anaijua ya kikombeni tu. Shingo ikamchoma kama mtu aliyemwagikiwa na maji moto ya kuchomea ncha za braids.

"Mama Veronicah," mwalimu akaita.

Akasimama. "Mwalimu, nimesahau miwani," akasema. Milcah hajawahi kuvaa miwani maishani. Debra aligeuka akamtazama, akaiona ile karatasi yenye maua, akageuza macho mbele upesi. Angemcheka ingekuwa afadhali.

Hapo ndipo Veronicah akasimama kando yake na daftari lake.

"Nitasoma mimi. Swali la kwanza, tunajivunia nini? Jibu langu: mama anajua kusuka kuliko watu wote wa soko. Jibu la mama: huoni niko na mteja. Swali la pili, ni jambo gani hatufanyi? Jibu langu: hatusemi uongo, isipokuwa mteja akipiga simu. Jibu la mama: muulize baba yako. Swali la tatu, ni nini kibadilike? Jibu langu nimeacha, nilikuwa nangoja la mama. Jibu la mama: kesho."

Wachache walianza kucheka, wakakatiza. Mtoto hakuwa anafanya mchezo. Aliambiwa aandike alichojibiwa, akaandika.

Walirudi sokoni. Debra alitangulia, akajishughulisha na vichana vyake. Milcah akamtazama mtoto kichwani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akakiona: nywele zimefumuka nusu, zimefichwa na kofia ya shule.

"Kuja ukae hapa." Alivuta stuli, akambana mtoto katikati ya magoti, akaanza kuchana. "Leta hiyo daftari. Niulize."

"Mwalimu ashamaliza, mama."

"Niulize tu."

Simu ikalia. Ni mteja wake wa ofisi za Hurlingham, alikuwa ameahidiwa saa sita. Vero akatega sikio. Milcah aliweka simu begani. "Hapana, dada, sijaanza kujitayarisha. Nasuka mtoto wangu. Ukiona utachelewa, Debra yuko hapa, mkono wake ni mzuri." Kwenye kiti cha pili, kichana kilisimama kidogo, kikaendelea.

"Swali la tatu," Vero akasema. "Ungependa nini kibadilike nyumbani?"

Milcah aligawanya mstari, akaufuta, akaugawanya upya. Aliona vitu vingi sana, na vyote vilikuwa vyake yeye.

"Sijui nianzie wapi, Vero."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Mtoto akainama kuandika, na mama akaachia nywele kidogo asimvute. Alimwona akipiga mstari juu ya lile neno *kesho*, mara moja tu, taratibu, bado linasomeka.