Kabati la Zawadi za Mkaguzi

Kwa miaka thelathini na mmoja mkaguzi wa mizani alizunguka masoko ya watu, na katika miaka hiyo hakuna mji hata mmoja uliompendeza. Wafanyabiashara walimwita Bibi Mizani, mbele yake. Nyuma yake walikuwa na jina jingine, alilijua, na aliona limekosewa: hakuwa mchawi, alikuwa na daftari tu. Kazi yake ilikuwa kufika, kukunja pua, kuweka mawe yake ya shaba juu ya mizani ya mtu na kuona kama kilo ya mtu huyo ni kilo. Mizani ikiwa ya haki, aliifunga kwa waya, akaubana waya ule kwa kipande cha madini ya risasi, na koleo lake likaacha namba ya mwaka juu ya risasi. Huo ndio muhuri. Anayeukata bila idhini ana kesi.

Waliosafiri sana hupenda kusimulia machweo. Yeye alikumbuka miji kwa pua na kwa ngozi. Kulikuwa na mji wa kunguni, ambako alilala amekaa kitini, viatu mguuni, mkoba mapajani. Kulikuwa na mji wa taulo: alikabidhiwa taulo bichi lenye nywele za mtu mwingine, na mhudumu akamtuliza, "Hiyo safi, mama, imetumika jana tu." Na ule wa mchinjaji aliyebandika kipande cha mafuta chini ya sahani ya mizani ili nyama iwe nzito. Alipokibandua, kilimtembea kiganjani, kimejaa funza. Mpaka leo hali nyama bila kuigeuza kwanza.

Hata hivyo kila mwisho wa mwaka alimpelekea mdogo wake zawadi ya sikukuu kutoka huko alikopita. Aliinunua kituo cha basi, dakika tano za mwisho, injini ikiwa inanguruma. Ndani alitia kadi, nje akafunga kwa karatasi ya kaki, waya na risasi, maana koleo lilikuwa mkobani na kamba haikuwepo. Mwaka wa kwanza aliona hata inachekesha.

Sasa amestaafu, na nyumba ya serikali lazima airudishe mwisho wa mwezi. Mdogo wake aliandika: njoo ule sikukuu nasi, chumba cha wageni ni chako kama kitakufaa. Neno "kama" alilirudia safari nzima. Mtu aliyekagua maisha yake yote anajua ukaguzi akiuona, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Chumba kilikuwa na godoro zuri, dirisha linalotazama ukuta, na kabati kubwa lililofungwa kwa ufunguo.

"Nguo zangu nizitundike wapi?" aliuliza.

"Weka tu kitini, dada. Hilo kabati tutaliangalia."

Siku ya pili nguo zilikuwa bado kitini, na kabati halijaangaliwa. Naye alielewa hivi: siku watakapomfungulia kabati, amepata pa kukaa. Wasipomfungulia, arudi akatafute chumba cha kupanga, chenye taulo.

Asubuhi ya sikukuu waliketi sebuleni, yeye, mdogo wake, na shemeji yake kinyozi, mtu mpole anayeogopa kila kitu isipokuwa wembe. Binti yao, aliyetoka zamu ya hospitali bila zawadi yoyote mkononi, alipotea chumba cha wageni kwa muda, kisha akarudi na kifurushi cha karatasi inayong'aa.

"Mama mkubwa, hii nimekuchagulia mwenyewe."

Mama mkubwa alichana karatasi inayong'aa. Ndani kulikuwa na karatasi ya kaki. Juu ya kaki, waya. Kwenye waya, risasi yenye namba ya mwaka: miaka kumi na tisa iliyopita.

Kinyozi alitazama kikombe chake akasema chai imepoa.

"Ndio mtindo wa siku hizi," binti alijikaza kisabuni. "Wanafunga hivyo dukani."

"Hilo duka nalijua," alisema mama mkubwa. "Lina koleo langu. Ufunguo."

Mdogo wake aliutazama ufunguo wa akiba mkononi mwa binti, akatoa wake kifuani.

Kabati lilipofunguka, harufu ndiyo iliyotoka kwanza, nzito na tamu, kama ndoo ya maua iliyosahauliwa na panya ndani yake. Kisha vifurushi: thelathini, vimepangwa kwa miaka. Kwa mazoea alianza kukagua. Aligeuza risasi moja moja, akavuta kila waya. Hakuna hata mmoja uliochezewa. Katika masoko yote aliyopita hakuwahi kukuta uaminifu wa namna hii, na ulimchukiza.

"Hukufungua hata kimoja."

"Wewe ndiye uliyesema!" mdogo wake alipandisha sauti. "Mwaka wa kwanza, mlangoni hapo: atakayekata muhuri wangu namfikisha mahakamani."

"Ulikuwa mzaha."

"Dada, wewe una mzaha tangu lini? Baba alikata muhuri wa mizani mara moja tu, duka lake likafungwa wiki mbili, na mama akawa hasemi naye. Nikajua ukija tena utanikatia mwenyewe. Hukukata. Mwaka wa pili nikaona haya kuuliza. Wa tatu nikanunua kabati."

"Na zile barua zako za shukrani? 'Kila nikiitazama nakukumbuka'?"

"Si nilikuwa naitazama? Nilisema nimeifungua?"

Alichukua koleo mkobani, akaketi sakafuni, akaanza kukata.

Peremende zilikuwa zimeyeyuka zikawa tofali moja, na sisimizi wamekufa ndani yake kwa safu, kama wapanga foleni. Shali ilibaki matundu. Manukato yalikuwa yamegeuka mafuta ya kahawia. Ndiyo yaliyokuwa yakinuka. Mto wa manyoya ulipopasuka, kilichotoka hakikuwa manyoya tu, na binti, anayeosha vidonda vya watu kila siku, alikimbilia dirishani. Sinia lililochorwa ndege lilikuwa zima, kwa bahati mbaya. Lilikuwa baya tangu siku ya kununuliwa.

Mdogo wake hakutazama vitu. Alikuwa akiokota kadi. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tisa, na sauti yake ikawa inashuka.

"'Mji mzuri sana. Nilikukumbuka.' Dada, zote zina maneno haya haya."

"Ndiyo."

"Ulinikumbuka kweli?"

Mkaguzi alishika koleo. Angeweza kumvika kilemba cha ukoka, na chumba kingekuwa chake kabla ya chai ya pili. Lakini alikuwa na kiwiko ndani ya manukato yaliyooza, na hali hiyo haimwachii mtu nguvu ya kudanganya.

"Nilikumbuka choo," alisema. "Kila mji. Nilikuwa nawahi basi, nikishika cha karibu. Hiyo kadi niliiandika kama risiti."

Mdogo wake alikunja pua. Ilikuwa pua ya baba yao, na mkunjo wenyewe.

"Yaani nimetunza uchafu miaka thelathini na mmoja, kwa adabu?"

"Nami nimeshukuriwa uongo muda huo huo."

"Unatia kinyaa, dada."

"Nawe pia."

Kisha mdogo wake akageuka akamfokea mumewe, "Umesimama hapo kama nguzo! Lete magunia!"

Magunia matatu yalikwenda shimo la taka, kinyozi akiyabeba kwa mkono ulionyooshwa mbali. Dada hao wawili walisugua kabati kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni tena. Mdogo wake aliingiza kichwa ndani, akakitoa upesi.

"Bado linanuka."

Mkaguzi naye aliingiza chake. Alivuta pumzi ndefu, ya kikazi.

"Nimelala pabaya zaidi."

"Basi ondoa hizo nguo kwenye kiti changu. Watu wanataka kukaa."

Alitundika magauni mawili na koti. Saa ya chakula yalikuwa tayari yananuka manukato ya mji wa kunguni, naye akakunja pua, akaburuta sanduku la pili kutoka mlangoni na kuanza kulipakua.