Breki Mpya na Fahali wa Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimamisha pikapu juu ya mteremko, fahali nyuma yangu, mama yangu mzazi mbele ya bampa, na mguu wangu wa kulia unatetemeka juu ya breki mpaka nikalishika goti kwa mkono ili litulie. Breki zenyewe zilikuwa mpya. Hapo ndipo utakaposhangaa. Siku hiyo niliziogopa breki nzuri kuliko nilivyowahi kuziogopa zile mbovu.

Kaa nikueleze, na hiyo simu uitie mfukoni.

Umeniambia umepata pikapu kuukuu na unataka kuipa breki za maana bila kufilisika. Nimefurahi kusikia. Wenzako huanza na redio, wakaja kwenye rangi, na breki huzikumbuka wakiwa tayari ndani ya mtaro. Mimi nilikuwa kama wao. Pikapu yangu niliinunua miaka ya tisini kutoka kwa mkulima wa Lugari aliyekuwa akibebea mahindi. Injini ilikuwa na moyo wa ng'ombe wa kulimia, lakini breki zote nne zilikuwa za dramu, zile za kizamani ambazo viatu vyake hujitanua ndani ya chungu cha chuma. Ukipita kwenye dimbwi, breki zimekwenda. Unakanyaga, unakanyaga tena, ndipo zinakumbuka kazi. Na usicheke, sisi madereva wa Shinyalu tulijivunia jambo hilo. Tulikuwa tukiambiana sokoni kwamba fulani anajua kupampu breki, kama vile wengine wanavyosifiwa kwa kujua kuimba.

Halafu mvua ikanyesha wiki nzima, nikawa natoka upande wa Isecheno na mzigo wa mbao, nikakanyaga nisikute kitu. Nikapampu. Hakuna kitu. Kanyagio lililala sakafuni kama mguu wa maiti. Nilipanda ukingo wa barabara, nikasimamishwa na ua wa nyumba ya mtu. Mwenye ua alitoka na panga, amekasirika haswa, akanitazama usoni, akarudisha panga nyumbani na kuniletea maji ya kunywa. Nadhani aliona nilikuwa nimekufa nusu. Tangu hapo nikawa siwezi kuteremka kilima chochote bila jasho kunitoka viganjani.

Nikaenda mjini Kakamega kwa fundi mmoja mtu wa Mumias, jina lake Rashidi, aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko. Nilimwambia ukweli kwamba sina uwezo wa kununua kila kitu kipya. Akasema hilo si neno, akanipeleka kwa wauza vyuma chakavu, tukazunguka mpaka tukapata pikapu ndugu wa yangu, ya toleo la baadaye, iliyopondeka nyuma. Ile ilikuwa na breki za diski magurudumu ya mbele, na kile kibuyu cheusi kinachosaidia mguu kukanyaga. Tukafungua vyote: diski na mikono yake ya kubania, kibuyu, na masta silinda yake, maana Rashidi alisema ile ya dramu haiwezi kusukuma mafuta ya kutosha breki za diski.

"Chuma ya zamani nitakufungia," aliniambia. "Lakini mipira, paipu na mafuta ya breki nunua mpya kabisa. Ukiniletea mipira ya kuokota, utafute fundi mwingine."

Bei ya ile mipira na pedi za kubana diski ilinikata maini, lakini nikanunua. Na viatu vya nyuma tukabadilisha pia, kwa sababu breki za mbele zikiwa kali na nyuma zimelala, gari hulala upande.

Mama alikuja kibandani siku tunafunga. Alikuwa ameenda sokoni kuuza maharagwe, akapitia kuona pesa za mwanawe zinaliwa na nini. Akainama, akagusa ile diski.

"Hii imetoka kwa gari ilianguka?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," Rashidi akamjibu.

"Wale walikuwa ndani, walifika nyumbani?"

"Mama, iligongwa na lori ikiwa imesimama tu. Hakukuwa na mtu ndani."

Mama akaitikia kwa kichwa, akajipangusa kidole kwenye leso. Sikujua kama aliamini. Mimi niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Kazi ilipoisha nilizunguka mjini, na loo, mwanangu, kanyagio lilikuwa juu, na gari likisimama pale pale unapotaka. Rashidi hakunisifu wala kujisifu. Aliniambia, "Hapa ni tambarare na gari ni tupu. Mpaka uzijaribu na magunia, kwa barabara hakuna watu, hizi breki huzijui bado." Nikamwahidi kwamba Jumatatu ningepakia magunia ya mchanga nikazijaribu taratibu.

Jumatatu haikufika. Ijumaa jioni alikuja Khotsa, kaka yake mama. Sijui ninyi wa siku hizi mnamchukuliaje mjomba, lakini kwetu khotsa akiongea unaacha kutafuna. Neno lake baya likikufuata, hata mtoto wako atalikuta. Na huyu wangu alikuwa na fahali, Kamanda, mweusi mwenye pembe za kuangalia mbele, ambaye kesho yake alikuwa anapigana uwanjani Shinyalu. Kwa kawaida fahali hutembea kwa miguu, anasindikizwa na ngoma za isukuti na vijana wenye matawi. Lakini mpinzani wake alikuwa analetwa kwa lori, na Khotsa hakuwa tayari kuonekana maskini.

"Kesho unabebanga Kamanda," akasema. Hakuuliza.

"Khotsa, breki bado sijazijaribu na mzigo."

"Si ni mpya?"

"Ni mpya."

"Basi."

Asubuhi, jua halijapasha moto, tukampakia Kamanda. Tulijenga ngazi ya udongo, akapanda kwa shida, gari likazama mpaka nikasikia springi zikilia. Vijana wakashika ngoma, tarumbeta ya pembe ikalia, na watu wakatoka mashambani. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata kidogo. Fahali anasindikizwa kwa kutanguliwa. Ngoma iko mbele, wachezaji wako mbele, na wanamwangalia yeye, kwa hiyo wanacheza wakirudi kinyumenyume. Fahali akiwa anatembea hakuna shida, yeye anajua kusimama. Lakini siku hiyo aliyekuwa anawafuata alikuwa mimi.

Na aliyekuwa karibu kuliko wote ni mama. Dada wa mwenye fahali ndiye anayeanzisha wimbo, na anamsindikiza hadi mtoni kabla ya kurudi nyumbani. Hiyo ni heshima yake, na mama alikuwa ameingoja tangu Kamanda akiwa ndama. Alivaa gauni la kanisani. Alishika tawi, akainua uso, akaimba, akirudi nyuma hatua kwa hatua, umbali wa mkono kutoka kwenye taa za gari.

Kwenye tambarare nilivumilia. Nilienda polepole, gia ya kwanza. Kisha tukafika pale barabara inapoanza kushuka kwenda mtoni. Unaijua ile njia. Ni udongo mwekundu, usiku uliopita ulikuwa umenyeshewa, na kingo zimeinuka pande zote mbili kiasi kwamba mtu aliye barabarani hana pa kurukia. Nikakanyaga breki. Gari likasimama. Kamanda akasogea mbele kwa uzito wake wote, akagonga bati lililo nyuma ya kichwa changu, pua ya gari ikainama, na kanyagio likashuka kidogo chini ya mguu wangu.

Kidogo tu. Pengine ndivyo breki za namna hiyo zilivyo zikibeba mzigo. Pengine kulikuwa na hewa ndani. Pengine mpira mmoja ulikuwa umekaa vibaya. Sikujua, na kutojua ndiko kulikonimaliza. Nikawaona wote watakavyolala chini ya gari, na nikamwona mama kwanza. Sikuwa nawaza hivyo kwa mfano, mwanangu. Nililiona lile gauni.

Nikazima gari, nikaliacha kwenye gia, nikavuta breki ya mkono.

"Nini?" Khotsa akauliza. Alikuwa ameketi kando yangu na fimbo yake.

"Watu waende nyuma. Siteremki na watu mbele."

"Fahali yangu itafuatwa nyuma kama maiti?"

"Khotsa, naogopa."

Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate. Nje ngoma zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na kijana mmoja akapiga kelele, "Dereva anaogopa ng'ombe!" Kicheko kikapanda mpaka juu ya ukingo. Khotsa akaanza kusema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani, na nikajua anakokwenda. Mtu akianza kuhesabu aliyokufanyia tangu ulipokuwa tumboni, mwisho wake ni neno ambalo hatalirudisha. Nikamwogopa yeye, nikaiogopa barabara, na nakwambia kweli, kama angemaliza sentensi ile huenda ningewasha gari.

Mama akaja dirishani.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa, Mama."

"Breki?"

"Sizijui bado."

Hakumtazama kaka yake. Alishika pindo la gauni lisishike tope, akapita kando ya mlango wangu, kando ya gurudumu, kando ya Kamanda, akaenda kusimama nyuma kabisa ya gari. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni. Akaanza wimbo upya kutoka huko. Wimbo ukiwa nyuma, ngoma itafanya nini mbele? Mmoja mmoja wakamfuata, wakinung'unika, wengine wakinionyesha ngumi. Khotsa alishuka wa mwisho. Aliubamiza mlango mpaka kioo cha dirisha kikatumbukia ndani ya bati la mlango, na sikukipata tena.

Nikateremka peke yangu na fahali. Sitasahau. Gia ya kwanza, mguu kidogo, kuachia, mguu tena. Nusu ya njia nikasikia harufu ya kuungua, nikasema basi, ndiyo hii. Nilianza kumwomba Mungu kwa sauti, na Kamanda akawa anakoroma sikioni mwangu kama mtu anayeitikia. Nilipofika darajani nikakanyaga kwa nguvu, gari likasimama, nikazima. Nikabaki mle ndani nimekumbatia usukani mpaka watu wakanikuta.

Breki zilikuwa zimeshika, mwanangu. Zilishika mwanzo hadi mwisho. Rashidi alinieleza baadaye kwamba ile harufu ni ya pedi mpya, zikipata moto mara ya kwanza lazima zinuke, na tulipotoa hewa upya tukaikuta kidogo sana. Kwa hiyo mama aliacha heshima yake bure, ukitaka kusema hivyo. Watu walisema. Miezi mingi nikipita sokoni waliniita Breki, na mama wakamwita Wimbo wa Nyuma. Kamanda naye akashindwa siku ile, na lawama ikawa yangu, eti nilimtia woga. Mama hakuwahi kunilaumu, lakini gauni lile hakulivaa tena kwenda kwa kaka yake. Khotsa hakunisemesha. Nilipomsalimu alijibu mti ulio nyuma yangu. Niliumia sana, na mara nyingine nilijiuliza kama sikuwa mjinga tu aliyeshindwa na kilima.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, siku moja mchana nikaona mtu anakuja kwa miguu, amejifunika gunia kichwani, matope magotini. Alikuwa Khotsa. Mkwe wake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua na mtoto amekaa vibaya, ilibidi afikishwe hospitali ya Kakamega. Katika njia hiyo aliyotembea, Khotsa alikuwa amepita nyumba mbili zenye magari, na moja lilikuwa jipya kabisa. Alisimama mlangoni pangu, maji yakimchuruzika, hakunitazama usoni.

Akasema, "Leta ile gari ya muoga."

Tulifika. Mtoto huyo sasa ni mama wa watoto.

Sasa sikia, maana umeniomba ushauri. Katafute pikapu ndugu wa yako kwenye vyuma chakavu, wala usione aibu. Chukua diski zake, chukua kibuyu na masta silinda yake, vyote pamoja, usichanganye cha huku na cha kule. Hapo ndipo utakapookoa pesa. Kwenye mipira, paipu, pedi na mafuta usijaribu kuokoa chochote, na fundi akikwambia hii ya zamani bado ni nzuri, ondoka kwake. Halafu pakia magunia, uende mahali pasipo na mtu, ukanyage mpaka uijue tabia ya kanyagio lako gari likiwa tupu na likiwa limelemewa. Kabla ya hapo usimbebe mtu, na usiendeshe nyuma ya mtu aliye kwa miguu, hata aje khotsa wako, hata aje askofu.

Na ikikufikia siku mguu wako unatetemeka, useme kwa mdomo, watu wasikie. Watakucheka. Acha wacheke wakiwa wamesimama kwa miguu yao.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akupe mikono iliyotulia, na kila unayempakia afike mlangoni kwake akiwa anakulalamikia kwamba unaendesha polepole.