Egidi na Ugali wa Sengu

Kaka yangu Egidi alikuwa bwana afya wa kata yetu ya Matiri. Alikagua vyoo, visima na vilabu vya pombe, na watu walimpenda kiasi ambacho mkagua vyoo anaweza kupendwa. Nyumbani alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, mzee Valeriani, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu nikiwa mdogo.

Ilikuwa ile miaka ya wanunuzi binafsi wa kahawa. Chama cha ushirika kilikuwa kimelegea, na malori ya wageni yalipanda milima yetu kila msimu. Msimu mmoja wa baridi yakaja na mafua. Hayakuwa mafua tuliyoyazoea. Mtu alianza kutetemeka akiwa shambani, na Jumapili ikifika tulikuwa tunamwombea marehemu.

Idara ya afya ya wilaya ikatuma gari na amri: wagonjwa wabaki ndani, watu wasipeane mikono, mikusanyiko ikome. Malori hayakutajwa. Egidi akapewa kipaza sauti, akazunguka vitongoji kwa baiskeli mpaka sauti ikamkauka. Baba yetu alimpeleka kwangu Mbaha, kando ya ziwa, nilikoolewa, maana ziwani kuna joto na kifua kingepumua.

Pagumu palikuwa kwenye ukoo. Kwetu Wamatengo, wanaume wa ukoo hula sengu: ugali mmoja, sinia moja, kisha huzungumza mambo yao. Baba mdogo Wendelin, aliyeshika nafasi ya baba, alimcheka Egidi.

"Bwana Afya, mwaka jana ulitukataza maji ya mto, leo ugali. Kesho utatukataza wake zetu?"

"Si ugali, baba mdogo. Kukusanyika."

"Kwa hiyo nile chumbani kama mchawi?"

Mwishowe alikubali, na Egidi akamshukuru Mungu. Wakatii kwa namna yao. Hawakukusanyika tena, sinia ndiyo ikaanza kutembea. Wendelin alimega tonge mlangoni kwake, ugali ukafunikwa kitambaa, mkewe Kalista akaupeleka nyumba ya pili, kisha ya tatu. Waliamini wameukwepa ugonjwa na ukoo umebaki mzima. Nyumba zikaanza kukohoa moja baada ya nyingine, zikifuata njia ya sinia. Egidi, akiwa vitongoji vya mbali, hakujua.

Baba aliposikia kwamba Wendelin ameanguka, hakuzuilika. "Ndugu zangu wanakufa, mimi naota jua ziwani?" Nikapanda naye.

Tulikuwa hatujafungua mizigo Kalista alipoingia na sinia. Sengu haifungwi mpaka mkubwa wa ukoo ale, na mkubwa alikuwa amerudi. Egidi naye akafika kutusalimia. Hata shikamoo haikumalizika. Aliona alama za vidole kwenye ugali.

"Mama mdogo, hii imetoka wapi?"

"Kwa Pankras."

"Pankras mwenye homa?"

"Amekula kidogo tu, maskini."

Baba alikuwa ameshanyoosha mkono. Egidi akaushika.

"Baba, kwa kifua chako hutapona."

"Nikikataa, Wendelin atakufa akijua nimemtupa. Niachie mkono."

Egidi hakuuachia. "Mtoto wa kwanza anaruhusiwa kumlia baba yake sengu. Kweli au si kweli?"

Baba akasema, "Kweli."

Egidi akanawa mikono kama alivyowafundisha watu, akafanya ishara ya msalaba, akala. Alikula wote, asibakize tonge la mtu kulilia.

"Mama mdogo, kamwambie baba mdogo kwamba mkubwa amekula." Akanigeukia. "Bonifasia, mrudishe baba Mbaha sasa hivi. Usinisogelee."

Nilitii. Njia nzima kuteremka nilisali rozari nikiogopa kugeuka nyuma.

Habari zilitufuata ziwani. Egidi alikuwa ameacha wosia kwa paroko kwamba tusipande. Walimzika watu wa idara, vitambaa usoni, na padri akasali akiwa amesimama mbali. Wendelin alikuwa ametangulia.

Mvua zilipoanza na ugonjwa ukatulia, nilimpeleka baba kaburini. Alikuwa mzima, hakohoi hata kidogo. Alivua kofia, akapiga goti kwa shida kwenye tope, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwanangu," akasema.

Nikamsubiri hapo hapo. Hakuinuka mpaka nilipomwinua.