Kakakuona Niliyemchorea Njia

Nakumbuka siku niliyomchora kakakuona vizuri mpaka akafa. Huo ndio ujinga wangu, mwanangu, nautanguliza mapema ili usije ukadhani nilizaliwa na hekima. Niko kidato cha tatu, ndevu zangu zinahesabika, na kukuita mwanangu ni ujeuri tu. Lakini kaa usikilize. Aliyetangulia kuungua ndiye anayejua moto ulipo.

Kwetu Chimala, kakakuona akionekana shambani haguswi ovyo. Ni mgeni wa mvua. Yule alitokea kwenye majaruba ya mpunga ya jirani yetu, mvua zikiwa bado zinatubania. Akaitwa babu, baba yake mama. Babu ni mzee wa kanisa, kwa hiyo alianza na sala, kisha akamwekea mgeni bakuli la maji, konzi ya mpunga na jembe, tuone ataelekea wapi. Akaenda kwenye maji, maana yake mvua inakuja. Wanawake wakapiga vigelegele.

Baada ya hapo, desturi inataka mzee ambebe peke yake, amrudishe porini, asimwambie mtu amemwacha wapi. Hata mke wake hamwambii. Mimi nikaona, siri ya nini, mnyama mwenyewe hana hata meno. Nikamfuata babu kwa mbali, daftari nimelichomeka kiunoni.

Nilikuwa na sababu nzuri, na sababu nzuri ndizo zinazoponza. Klabu yetu ya mazingira shuleni ilitakiwa kupeleka Iringa michoro ya wanyamapori, watu waione, wawaonee huruma. Wenzangu walikuwa wananakili simba na tembo kutoka kwenye majalada ya madaftari. Mimi nilitaka aliye hai. Babu alipoondoka nikalala kifudifudi kwenye nyasi, nikamchora: gamba juu ya gamba, kucha, ile pua yake ndefu. Nikachora na kichuguu alichokuwa anaingia, mti uliopasuliwa na radi, na mlima kwa nyuma. Kila kitu mahali pake. Fundi hasa.

Nikaupiga mchoro picha kwa simu ya mama, nikauweka status. Mama anauza mchele. Simu yake imejaa namba za wateja ambao wengine hajawahi kuwaona sura. Sifa zikamiminika. Mmoja akaandika, "Kijana una mkono. Hapo ni wapi, pazuri hivyo?" Nikamjibu kwa mbwembwe: "Vuka mfereji wa mwisho, shika njia ya ng'ombe hadi mti wa radi. Bisha hodi, yupo nyumbani." Nikacheka peke yangu.

Siku ya nne babu alikuja tukiwa tunakula. Hakukaa. Alisema kichuguu kimefukuliwa, pana majivu, kisha akafungua kiganja: gamba moja. Mama, aliyekuwa ameuona mchoro status, akashika simu, akatafuta jibu langu, akalisoma kwa sauti, polepole, mpaka pale pa "yupo nyumbani". Hakuna aliyemaliza ugali. Wanasema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu alikuwa amekaa pale pale mkekani.

Nilitegemea fimbo. Babu aliomba daftari tu. Akautazama mchoro kwa muda mrefu, akaweka gamba juu yake.

"Umemchora mpaka kucha," akasema. "Pa kujificha ndipo hukumwachia."

"Babu, nilitaka watu wampende."

"Hata aliyemfukua alimpenda."

Mama alikwenda mwenyewe kwa bwana wanyamapori, akaikabidhi ile namba. Mpaka leo haipatikani. Mvua zilikuja, ila kidogo. Sisemi ni kwa sababu hiyo, wala sisemi si kwa sababu hiyo.

Basi, mwanangu, shika hili. Ukimchora mnyama ili apendwe, mchore yeye. Njia ya kwake waachie wazee. Kiumbe asiyeweza kukimbia usimtangaze anapolala. Mtu akikusifu na kukuuliza "wapi" kwa pumzi moja, pokea sifa, ile wapi imeze. Na desturi ukiiona haina maana, uliza kwanza ilikuwa inazuia nini, ndipo uicheke. Mimi nilicheka kwanza. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mzito, na wajukuu zako wamwone kakakuona akitembea, wasionyeshwe gamba kiganjani.

Nilichora upya. Safari hii amejiviringisha, karatasi nyeupe pande zote, hakuna mti wala mlima. Huo ndio uliokwenda Iringa. Kabla sijaukunja nilimwonyesha mama. Alifuta pumba za mchele mikononi kwa kanga yake, akaushika, akautazama, akaugeuza hata nyuma kana kwamba anatafuta njia.

"Huyu hawampati," akasema. "Ungeanza na huyu, mwanangu."