Ishirini na Nane ya Thelma

Kwa Clarrie Nankervis hakuna kitu kilichowahi kuharibika. Bati la paa likipeperuka, itakaa sawa. Gari likigoma kwenye baridi ya alfajiri, itakaa sawa. Mkewe, Thelma, aliolewa na maneno hayo mawili pamoja na mwanamume mwenyewe, na baada ya ndoa ya miaka mingi alikuwa amemzoea mwanamume tu.

Clarrie alistaafu kutoka karakana ya reli ya Ballarat, na siku aliyorudisha spana za serikali ndiyo siku baiskeli za watu zilipoanza kuingia uani kwao. Mkulima akifukua baiskeli ya babu yake kwenye banda la kukatia manyoya ya kondoo, humletea Clarrie. Mjane asiyeweza kutupa baiskeli ya marehemu, humletea Clarrie. Vipuri vilijaa banda, vikahamia chumba cha kufulia, na majira ya baridi yaliyopita Thelma alikuta mnyororo umelowekwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yake ya kupikia jemu.

Baiskeli zote hizo zilitoka pale zikiwa na matairi, isipokuwa moja: ya Thelma. Kinyozi hajinyoi, na huyu hakumnyoa hata mkewe.

Ilikuwa ya kijani, aliyoiendesha akiwa msichana kwenda kiwanda cha sufu. Kiwanda kilifungwa zamani, na sasa jengo lenyewe lilikuwa libomolewe. Wanawake waliowahi kusimama kwenye mitambo yake walikubaliana kukutana langoni Jumapili, kila mmoja na baiskeli ya enzi zile, waende pamoja hadi ziwani kama walivyokuwa wakienda kila Ijumaa kengele ikishalia. Clarrie alimwahidi matairi tangu Pasaka. Sasa ilikuwa Oktoba, tena Alhamisi.

Thelma alimkuta amepiga magoti bandani, uso mwekundu, anavutana na tairi jipya.

"Limekataa?"

"Halijakataa. Linaringa tu. Itakaa sawa."

Alikuwa amelipaka poda. Alikuwa amelipaka sabuni ya vyombo. Akaingiza vyuma vyake vya kufungulia tairi na kukandamiza kwa uzito wake wote, chuma kimoja kikachomoka, kikaruka na kugonga ndoo ya nguo. Thelma alivaa miwani, akachukua tairi la pili, akalizungusha taratibu akisoma ubavuni.

"Uliagiza nini, Clarrie?"

"Ishirini na nane kwa moja na tatu ya nane. Si imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa. Na hii 'kwa moja na tano ya nane' inayofuata ni ya nani?"

Clarrie aliliachia tairi.

Pande zile kila baiskeli kubwa ya zamani huitwa ishirini na nane, kwa inchi za gurudumu, na watu huridhika hapo. Lakini kuna ishirini na nane zisizochangia hata mjomba. Tairi lililoandikwa sehemu moja tu ya inchi, kama ile tatu ya nane, ni la ringi kubwa. Likiongezewa sehemu ya pili mkiani, kama ile tano ya nane, ni la ringi ndogo, iliyopungua upana wa kidole. Kwenye nguo, upana wa kidole hurekebishika. Kwenye tairi, haurekebishiki hata ukilia. Clarrie aliwahubiria hayo wateja wake wote.

"Miwani yako ilikuwa wapi ulipoagiza?"

"Chumba cha kufulia."

"Chini ya nini?"

"Chini ya vipuri," alisema Clarrie.

Jioni ile simu ililia. Alikuwa Una Hallett, aliyesimama kwenye mtambo mmoja na Thelma tangu wakiwa wasichana, na ambaye hajawahi kuacha mzaha umpite.

"Thel! Baiskeli imeota miguu au bado?"

"Clarrie anasema itakaa sawa."

"Ee Mungu wangu! Basi njoo na toroli la bustani, shoga. Tutakusukuma kwa zamu."

"Una, sicheki."

"Njoo na gari basi, utupungie mkono."

"Anayepunga mkono ni mtazamaji," alisema Thelma. "Sikuunguza ujana wangu mle ndani ili siku ya mwisho niwe mtazamaji."

Jumamosi wakaenda Creswick kwa Ossie Pappin, mkusanyaji wa vipuri kama Clarrie. Ossie hauzi kitu. Hubadilishana, tena kwa shingo upande, na kila kipuri ukikigusa husema, "Hicho nitakuja kukihitaji." Matairi yalining'inia misumarini kama nyoka waliokaushwa. Thelma alilibonyeza moja, likapasuka chini ya kidole gumba kama mkate wa juzi.

"Yameoza haya, Ossie."

"Yamepumzika, shemeji."

"Yamekufa."

"Lakini mimi sielewi kilichowaleta," alisema Ossie. "Clarrie, yale mazima niliyokupa, ukanipa taa ya kabaidi ya baiskeli, umeyala?"

Clarrie akaanza kuyakagua mabati ya paa.

"Ossie," alisema Thelma kwa upole uliomfanya Ossie arudi nyuma hatua moja, "yalikuwa ya ishirini na nane ipi?"

"Ile kubwa, shemeji. Ya kweli."

Njia nzima ya kurudi Clarrie alijaribu kuzungumzia mvua, kisha bei ya kondoo, kisha akaacha. Walipofika, Thelma hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja hadi kona ya ndani ya banda, akavuta blanketi.

Chini yake ilisimama baiskeli nyeusi ambayo Clarrie aliiunga kipande kwa kipande kwa zaidi ya miaka kumi: fremu kutoka shamba moja, usukani kutoka kwingine, kengele ya mjane wa Maldon. Ilikosa pedeli ya kushoto, ile ya asili, na hadi ipatikane hakuna mtu aliyeruhusiwa kuipanda, Clarrie mwenyewe akiwemo. Matairi yake, yale ya Ossie, yalikuwa meusi kama viatu vya harusi.

"Thel, hiyo si ya kupanda. Inasubiri pedeli."

"Na mimi nasubiri tangu Pasaka."

"Nikiyatoa itabaki mifupa."

"Yangu ndiyo mifupa sasa hivi, wee mzee! Ila mifupa yangu ina pedeli zote mbili, na ina mtu wa kuzikanyaga."

Thelma aliyangoja yale maneno mawili, na laiti Clarrie angeyatamka angerushiwa ndoo. Hakuyatamka. Alinawa mikono, akachukua vyuma vyake, akapiga magoti.

Kufunga hakukuchukua muda, kwa kuwa tairi la saizi yake halina ugomvi. Alijaza tyubu upepo kidogo isijikunje, akaingiza ubavu mmoja, kisha tyubu, kisha akaanza ubavu wa pili mbali na vali, ule mrija wa kujazia upepo. Thelma alibana gurudumu kwa magoti na kuusukuma waya wa tairi uzame katikati ya ringi, ili upande wa Clarrie upate nafasi. Kipande cha mwisho kiliingia kwa vidole gumba vya Clarrie tu, bila vyuma. Chuma hula tyubu.

"Mtu angeweza kuyafanya haya mwezi wa tano," alisema Thelma.

"Pampu," alisema Clarrie.

Jumapili upepo wa ziwani ulikuwa wa kukata masikio. Clarrie alisimama kando ya barabara, pampu mkononi, akiyatazama matairi. Thelma alimpita akiwa bega kwa bega na Una, akapiga kengele, asisimame.

Jumatatu baada ya chai Clarrie alimkuta Thelma uani anafunga kikapu kwenye usukani.

"Basi, Thel," alisema, spana ikichungulia mfukoni. "Nikuondolee yale matairi? Ile nyeusi imekalia ringi tupu, itashika kutu."

Thelma alipanda, akaikanyaga pedeli ya kushoto.

"Acha," alisema. "Nitakuja kuyahitaji."