Nyimbo Tatu kwenye Meza Moja

Kuna Jumatatu moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na bado inanichanganya akili. Nilikuwa kijana kutoka Maragoli, nimeajiriwa hapa Eldoret kwenye karakana ya kuunda redio za betri, siku zile Wazungu bado wameshika mashamba yote haya. Tulikuwa watu wanne wa kusokota koili, yaani kuzungusha waya mwembamba kwenye kipande cha mti. Mizunguko tuliihesabu kwa wimbo wa kanisa: kila neno mzunguko mmoja, wimbo ukiisha koili imetimia. Wote wimbo mmoja, mikono inakwenda pamoja. Raha tupu.

Shida ni kwamba redio zilinunuliwa baada ya mavuno ya mahindi tu. Miezi mingine tulirudishwa kwetu, maana asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa mjini. Basi mimi mjuaji nikamwendea tajiri wetu. Nikamwambia tuunde pia kengele za umeme za nyumba za Wazungu, na vipaza sauti vya makanisa. Akakubali. Kichwa kilivimba, usiniulize.

Kila kifaa kilikuwa na koili yake, na idadi ya mizunguko haikulingana, kwa hiyo kila kitu kikapewa wimbo wake. Tukaziimba zote tatu kwa pamoja, kila mtu na wake, kwenye meza moja. Naanza wa redio, sikio linavutwa na wa kengele, namalizia wa kipaza sauti. Kumbe wenzangu pia! Kufikia Ijumaa redio hazilii, kengele zinanong'ona, na kipaza sauti cha kanisa la Turbo kimetoa moshi. Tajiri akasema tukiendelea hivyo wiki nyingine, wote wanne twende kwetu.

Nikamlilia Mzee Barasa, mkubwa wetu pale mezani. "Mzee, nimewaharibia. Turudi kwa redio peke yake."

"Na mavuno yakipita utakula nini?" akaniuliza kwa ukali. "Nani alikwambia vitu vitatu ni vibaya? Ubaya ni kuviimba kwa wakati mmoja. Jumatatu sisi wote ni kengele. Zikiisha, tunashika ingine."

Sasa nilikuwa nimekosea au nimepatia? Jumatatu tukaimba wimbo mmoja, na Jumamosi rafu ilikuwa imejaa kuliko wakati wowote. Mwaka ule hakuna aliyerudishwa kwao.

Kwa hivyo mwanangu, kazi ongeza, usiogope, lakini kila moja ipe zamu yake na wenzako waijue. Ukichanganyikiwa, usitupe yote kwa hasira kama nilivyotaka mimi. Uliza kwanza. Mungu aijaze meza yako, na akupe watu wa kuimba nawe.